Mnyororo Kwenye Shamba la Hervé

Saint-Odias,
Alhamisi jioni

Kwako Kaka Léandre,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini nyonga mpya imeanza kukuzoea, na kwamba binti yako hakuachi ushuke ngazi bila gongo, maana nakujua. Sisi huku ni wazima, ukiacha hii baridi iliyogoma kuondoka na mafua ya wifi Murielle ambayo mwenyewe anasema si mafua. Paka wako amenenepa mno. Nimeanza hivi kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kuandika, lakini sitakuzungusha: hii si barua ya salamu, na nakuomba uisome ukiwa umekaa.

Wifi amenikataza kukuambia lolote. Anasema daktari hataki presha yako ipande, tungoje kwanza utembee. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ungeanza kufoka kabla sijafika nusu, nami ningefoka, tungekatiana bila kuambizana kitu. Kwenye barua huna budi kunisikiliza hadi mwisho.

Habari ni kwamba njia ya klabu ya pikipiki za theluji imefungwa. Pale inapoingia shamba la Hervé Bolduc pamefungwa mnyororo, na unavyojua, upande mmoja ni mto na upande wa pili ni mwamba, hakuna pa kuzungukia. Tamasha la pikipiki za theluji limehamia kijiji cha jirani. Hoteli yako, ambayo kila Februari watu hulala hadi kwenye makochi, mwisho wa wiki hii ina wageni wawili, na mmoja wao ni fundi aliyekuja kutengeneza friji. Wifi alikwisha kufua mashuka ya vyumba vyote. Juzi nilimkuta ameketi katikati ya yale mashuka aliyoyakunja, anatazama ukuta. Akaniuliza kama tukikosa Februari hii tutafika vipi mwezi wa tano.

Ngoja nianzie mwanzo. Vuli iliyopita, kwa sababu ya hiyo nyonga yako, nilikwenda mimi badala yako kuwaona wenye mashamba. Nilibeba pai za nyama kama unavyobeba wewe, nikaketi kila jikoni, nikapeana mkono na kila mwenye shamba, na njia ikapita. Hervé peke yake ndiye aliyesita. Akaniambia tangu mkewe Rolande apigwe na kiharusi, kelele zinamtesa. Mashine ya kawaida ikipita Rolande huvumilia, lakini hizi ambazo vijana wamezibadilisha ekzosi zinamfanya alie. Hakusema tusipite. Aliomba tu tuzipime zote, na itakayozidi desibeli themanini na nane isikanyage kwake. Nikasema tutazipima. Hapo ndipo aliponipa mkono, na kwa Hervé, mkono ukishatolewa vuli haurudi mpaka theluji iyeyuke. Ndivyo alivyokuwa baba yake, na ndivyo alivyo yeye.

Basi Desemba tulipima, uwanjani kwako. Nilifanya kila kitu nilivyofundishwa. Mashine inasimama, kipimo cha sauti kinakaa mita nne pembeni yake, mwenye mashine anapiga resi hadi injini ifike mizunguko niliyotaja na kuishikilia hapo, mimi nasoma. Upande wa kulia, kisha wa kushoto. Mwenyekiti Gaétan alitaka tupimie kule nyuma ya banda, penye theluji mpya iliyofika magotini, eti upepo haufiki. Nikamwambia mwenyekiti wangu, theluji laini inameza sauti, hata wewe unajua, kwa hiyo tutapimia hapa palipokandamizwa. Akacheka, akawaambia wenzake kwamba Ghislaine amepewa kipimo anadhani amepewa beji ya polisi.

Mwanao Yannick alikuja wa mwisho. Themanini na tatu. Nilipima mara mbili kwa sababu sikuamini masikio yangu. Akanipigia saluti, akasema, Shangazi, umeona, kondoo kabisa huyu, bandika stika yangu. Nikabandika stika ya kijani ya waliofaulu. Wenzake walikuwa wanakohoa kwa kicheko, na mmoja akasema leo mashine imevaa nguo za kanisani. Mimi nilidhani wanasifia rangi.

Ijumaa ya wiki ile ile Hervé akanipigia simu. Kuna mashine imepita saa ya chakula cha jioni, akasema, na vikombe vimetikisika kabatini. Ijumaa iliyofuata tena. Ndipo nikaulizauliza, na kila niliyemuuliza alikuwa anajua isipokuwa mimi. Yannick alikuwa amerudisha sailensa ya kiwandani kwa ajili ya kupimwa tu. Stika ilipokwisha kukauka, alifungua ile sailensa na kurudisha lile bomba lake tupu. Na si yeye peke yake, ila lake ndilo kubwa kuliko yote.

Nilimfuata, Kaka. Usije ukasema sikumfuata. Nilimwambia habari za Rolande, taratibu, kama mtu anayezungumza na mtoto wa kaka yake. Akasema, Shangazi, kelele ndiyo breki, ukiwa kwenye kona mwenzako anakusikia kabla hajakuona, unataka tugongane kimyakimya? Akasema huyo mama ahamie chumba cha nyuma, nyumba yenyewe kubwa. Kisha akanibusu shavuni na kuondoka. Nikaenda kwa Gaétan. Gaétan akasema Yannick ndiye anayeendesha mtambo wa kulainisha njia usiku kucha bila malipo, tukimuudhi nani atafanya hiyo kazi, wewe? Na Hervé, akasema, ni mtu wa maneno yake, ametoa mkono, atavumilia mpaka masika. Alisema hivyo bila haya. Yaani uungwana wa mtu ndio ulikuwa ruhusa ya kumtesa.

Ijumaa iliyopita nikachukua kipimo, nikaenda kula kwa kina Bolduc. Hervé alikuwa amepika supu ya njegere. Rolande alifurahi kuniona, anazungumza polepole lakini anazungumza, akaanza kunisimulia harusi ya mpwa wake, akawa ananicheka kwa nywele zangu. Niliweka kipimo mezani karibu na mkate. Madirisha yalikuwa yamefungwa na mapazia yameshushwa. Nikaisikia mashine ikianzia darajani, na Rolande aliisikia kabla yangu, kwa sababu alinyamaza katikati ya neno. Ilipopita karibu na nyumba kipimo kilisoma sabini na moja, humo ndani, mezani. Lakini si namba ninayotaka ujue. Rolande ana mkono mmoja tu unaomtii, kwa hiyo aliziba sikio moja. Hervé akanyoosha mkono wake na kuliziba la pili. Hakumtazama, hakuacha kula kwa mkono mwingine. Alikuwa amezoea. Walikaa hivyo mpaka kelele ikaishia msituni, na mashavu ya Rolande yalikuwa yamelowa.

Ilipokuwa bado inapita nilikuwa nimekimbilia dirishani. Helmeti ya Yannick ya rangi ya chungwa, stika yangu ya kijani. Aliipungia nyumba mkono.

Jumamosi asubuhi mnyororo ulikuwepo. Wewe unakijua kijiji hiki, huna haja nikuambie yaliyofuata. Jumapili kanisani Hervé alikaa benchi peke yake, na padre alipotutaka tutakiane amani, watu waligeukia upande wa pili. Usiku wa Jumatatu mtu alisukuma theluji kwa trekta akaijaza mlangoni pa shamba lake, na muuguzi wa Rolande alirudi mjini bila kumwona mgonjwa. Hervé alichimba nusu siku, na ana miaka sabini na sita. Wanamwita mroho, msaliti, mzee aliyekula pai zetu na kututemea mate. Hajajibu neno hata moja.

Sasa sikia kinachoninyima usingizi. Kesho saa kumi na moja jioni kuna mkutano wa klabu, na ukiisha, Gaétan amewaambia wote waje na mashine zao, wafungue sailensa, waende wakaizunguke nyumba ya Hervé mpaka atoke mwenyewe kuondoa mnyororo. Wanaita kwenda kumwimbia. Yannick ataongoza. Nimehesabu mashine zinazoweza kuja nikaacha kuhesabu. Nikimfikiria Rolande na ule mkono wake mmoja, naogopa, Kaka. Naogopa kwamba hatavuka usiku huo.

Na wataenda kumwimbia mtu asiye na kosa, kwa sababu aliyefunga njia si Hervé.

Ni mimi. Ile Ijumaa, tulipomlaza Rolande, nilimwambia Hervé afunge. Akakataa. Akasema mkono ameutoa, hawezi kuuchukua. Nikamwambia ulinipa mimi, si klabu wala Gaétan, ulinipa mimi hapa jikoni, na mimi nimeshindwa sharti lako, basi nakurudishia. Akasema klabu itanila. Nikamwambia na inile. Akakataa tena, akatoka kwenda kulisha ng'ombe. Kulipokucha nilichukua mnyororo kutoka banda langu na kufuli mbili, nikafunga mwenyewe, hakunisaidia hata msumari. Funguo ninazo mfukoni ninapokuandikia. Hervé hana hata mmoja. Wakimzunguka mpaka asubuhi hawezi kuwafungulia, na mimi ndiye niliyemwomba asiseme mpaka niwe nimekueleza wewe. Ile theluji aliyochimba ilikuwa yangu. Siku tano nimetafuta ujasiri wa kukuandikia, na siku tano yeye amenibebea.

Sikukuomba ruhusa. Ningekuomba ungenikataza, na tangu tukiwa watoto sijawahi kukuasi, kwa hiyo nisingefunga. Nilijua fika nafunga mlango wa hoteli ya nani. Nilijua wakati natia kufuli. Sitakudanganya kwamba najuta; ninaumia, lakini sijuti.

Kesho, kabla Gaétan hajafungua mkutano, nitasimama niwaambie wote. Funguo nitazitoa siku nitakapozipima mashine njiani, zinapopita, bila kumwarifu mtu. Sijui kama watanisikiliza. Kwa hiyo nina ombi moja, na si la kunitetea. Dereva wa basi la alfajiri amekubali kuibeba barua hii, utaipata kabla ya saa sita. Mpigie Yannick. Mwambie asitoke na mashine kesho. Mimi ananibusu shavuni na kuondoka, ila wewe anakuogopa, na asipokwenda yeye wengine hawatakwenda.

Nisalimie binti yako na mumewe, wabusu watoto. Sali kidogo, hata kama husali. Murielle bado hajui. Kila jioni ananiletea chakula, anaketi hapa kwenye kiti kilicho mbele yangu, anamlaani Hervé mpaka machozi yanamtoka, na mimi nakula. Atalijua kesho pamoja na wengine. Ukitaka mtu wa kumchukia, Kaka, mwache yule mzee. Anwani yangu unayo.

Mdogo wako,
Ghislaine