Ndege Siiuzi, Mama

Busia, upande wa Uganda
Jumapili alasiri

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, na kabla ya habari nyingine yoyote nauliza habari za goti lako. Baridi ya Wundanyi imepungua? Ile dawa ya kuchua niliyoituma, unaitumia au umeifungia kabatini pamoja na zile nyingine? Mimi ni mzima. Narudia kwa sababu najua hapo nyumbani mmeambiwa vingine: ni mzima, sina jeraha, sikuvunjika hata kidole.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako siku hizi ikilia, Kaka Mwadime ndiye anayeipokea, anaiweka spika, na kila aliye sebuleni anasema lake. Barua hii atakusomea Mkamburi, mjukuu wako, kwa kuwa anasoma vizuri na hana haraka. Kaka akitaka kusikiliza aketi, lakini asimkatize mtoto.

Jumamosi iliyopita Kaka alinipigia akaniambia familia imekaa kikao. "Wakesho, tumeona video," akasema. "Hiyo ndege uiuze. Mpaka uiuze, usikanyage hapa nyumbani." Nikamuuliza kama wewe ulikuwepo kwenye kikao. Akasema ulikuwa umelala. Basi mimi najibu uamuzi uliotolewa wewe ukiwa umelala, na jibu langu ni kwamba siiuzi. Sasa nikueleze yote, kwa sababu hiyo video ni fupi na mwenye kuipiga alikimbia kabla mambo hayajaisha.

Unajua baba Mkamburi alipofariki nilibaki na gereji yetu ya injini za malori hapa Busia. Miaka miwili ya kwanza nilifanya kazi, nikala, nikalala, basi. Ndipo akaja Mwalimu Ochwo, mzee wa Tororo aliyestaafu kufundisha fizikia, akileta jenereta ya kanisa. Aliniangalia nikiifungua, akaniuliza kama nimewahi kushika injini ya ndege. Nikamwambia asinitanie. Kumbe kulikuwa na mgeni mmoja aliyekuwa na ndege ndogo kwenye banda pale uwanja wa Tororo. Alirudi kwao akiwa mgonjwa, akamwachia Mwalimu ndege hiyo kwa karatasi halali.

Mama, ilikuwa imejaa viota vya nyigu. Ina viti viwili, mabawa yake ni ya kitambaa kigumu, na ni nyepesi hivi kwamba watu wawili wanainua mkia wake na kuisukuma kama mkokoteni. Mwalimu alinipa nusu yake kwa kazi ya mikono yangu. Tuliitengeneza kila Jumapili baada ya ibada kwa miaka miwili. Mkaguzi akaja, akaikagua kutwa nzima, akatia sahihi. Nikafundishwa kurusha na mwalimu wa urubani anayetambulika, nikafanya mitihani, na leseni ninayo, yenye picha yangu nimenuna.

Kaka anasema hiyo ni starehe ya wazungu na matajiri, tena mjane hana kazi angani. Yeye anayo starehe yake. Kila wikendi anakwenda kutazama mpira, anarudi amekasirika na hasemi na mtu. Mimi narudi nimefurahi. Siku ya kwanza niliyoruka peke yangu, nilizunguka ule mwamba mkubwa wa Tororo nikawaona nyani wamekaa juu wananitazama, nikacheka kwa sauti mpaka machozi yakanitoka. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu mazishi. Sikukwambia kwa sababu nilijua utaogopa. Hapo nilikosea.

Siku ya video ilikuwa miezi miwili iliyopita. Nilitoka Tororo asubuhi, nikaenda mpaka Majanji kuliona ziwa. Mpaka siuvuki, upande wa Kenya nauangalia kwa macho tu. Nilipokuwa narudi, juu ya Lunyo, injini ikakohoa mara mbili ikazimika.

Nitakwambia ukweli ambao hata Kaka haujui. Kosa lilikuwa langu. Kila mara kabla ya kuruka, rubani hukinga petroli kidogo chini ya tangi, anaiangalia kwenye glasi kama ina maji. Siku hiyo nilikuwa na haraka, nikajiambia petroli ni ile ile ya jana. Maji yalikuwemo. Mimi ninayewafokea madereva wa malori kwa uzembe wa namna hiyo.

Ikizimika, ndege haidondoki kama jiwe. Inateleza hewani ikishuka, na rubani ana dakika chache za kuchagua. Mikono yangu ilijua la kufanya. Niliinamisha pua ili mwendo usipungue, nikajaribu kuiwasha, ikakataa. Nikaona moshi wa jiko umelalia magharibi, nikajua upepo unatoka wapi. Mbele kulikuwa na barabara yenye watu na boda, na kando yake shamba la kunde. Barabara ingenifaa mimi, ila ingeua mtu. Nikachagua kunde.

Hapo ndipo mtu wa boda alipopiga video. Ndege inapita nyuma ya miti, anasikika akisema "Amekufa, amekufa," na video inaisha. Hiyo ndiyo mliyoiona. Hamkuona magurudumu yakigusa udongo, wala mimi nikishuka kwa miguu yangu. Gurudumu la mbele lilipinda, basi.

Mwenye shamba alikuja na jembe mkononi. Ni mama wa Kisamia anayeitwa Nabwire, mjane kama mimi, umri wake unakaribia wako.

"Wewe iko mzima?" akauliza.

"Mzima, mama."

"Basi toka kwa kunde yangu."

Nikatoka. Nikaanza kumwomba msamaha na kumwambia nitamlipa. Yeye alikuwa anaizunguka ndege, analigonga gonga bawa kwa kidole.

"Hii kitu nabeba watu ngapi?"

"Wawili."

"Na leo ulikuwa moja."

"Ndiyo."

"Mimi sitaki malipo ya kunde. Ukitengeneza, mimi nakuja kupanda."

Nilidhani ni mzaha wa kunipoza moyo. Polisi walikuja wakaandika maelezo, na Mwalimu akafika na lori. Tulifungua mabawa, tukaipakia. Tulipopita Lumino akaniuliza.

"Wakesho, petroli uliiangalia?"

"Sikuiangalia."

Kisha akasema, "Utafungua kila mpira wa mafuta kwa mkono wako, na hutaruka mpaka niridhike." Hakunipigia kelele, na ingekuwa nafuu kama angenipigia. Nilifanya kazi hiyo majuma manne. Nilibadilisha mipira, nikasafisha tangi, nikaweka machujio mawili badala ya moja, na mkaguzi akaitwa tena. Nilipopanda mara ya kwanza baada ya hapo, hofu ilinirudisha chini, nikatapika kando ya banda. Kisha nikapanda tena nikaruka.

Kwa hiyo ujue, Mama, kaka zangu walipokaa kikao, mimi nilikuwa nimesharuka mara tano.

Mara ya tano ndiyo ninayotaka uisikie. Mama Nabwire alikuja kweli. Alipanda boda kutoka Lunyo mpaka Tororo, amevaa gomesi ya kijani yenye mkanda mpana, kama anayekwenda harusini. Mwanawe mkubwa alimfuata nyuma amekunja uso.

"Mama, hii ilianguka kwetu," kijana akasema. "Wewe mwenyewe uliona."

"Niliona," akajibu. "Niliona pia vile alishuka. Wewe shika mkoba."

Nilimweleza hatari zote bila kupunguza, mbele ya mwanawe, pamoja na kosa langu la maji. Alisikiliza, akaniuliza kama leo nimeangalia. Nikamkingia petroli kwenye glasi aione mwenyewe. Akainusa, akaingia.

Tulipoacha ardhi alinishika goti kwa nguvu, kisha akaliachia. Tulipita juu ya mashamba ya mtama na mabati yanayong'aa, tukafika Lunyo, akaona nyumba yake, akaona wajukuu wanapunga mikono uani. Kwenye vipokea sauti vya masikioni nikamsikia akisema polepole, "Bwana yangu alisema mimi sitafika mahali."

Nikamzungusha mara ya pili ili aone vizuri.

Mama, sikuombi unisifu. Nakuomba unijue. Nina umri wa miaka arobaini na saba, nimezika mume, nimesomesha mtoto, nimekosea na kosa nimelirekebisha kwa mikono yangu. Kuogopa una haki, hata mimi naogopa kila ninapoiwasha. Lakini nyumba ninayoambiwa nisikanyage ni yako. Desemba nitakuja. Kama hutaki kuniona, uniambie wewe kwa kinywa chako nikiwa nimesimama mlangoni, nami nitageuka nirudi Busia. Neno la mtu mwingine sitalisikiliza.

Nisalimie Shangazi Mghoi wa kwaya, na jirani yetu fundi cherehani aliyenishonea sare ya shule. Mkamburi, asante kwa kusoma, mwanangu. Nywele usikate kabla sijafika. Kaka Mwadime naye nampa salamu zake, sina kinyongo. Mwambie kiti cha pili kinabeba kilo tisini, kwa hiyo akitaka kuja aanze kupunguza ugali sasa.

Nakukumbatia, Mama, na goti lako nalichua kutoka huku.

Binti yako,
Wakesho