Siti ya Nyuma ya Ile ya Kijivu

Jumamosi. Mvua ya alfajiri imekatika na lami ya Kariakoo inafuka mvuke.

Leo tumechagua pikipiki.

Wiki nzima nilikuwa nasema "nachagua". Moyoni nilishamaliza: ile nyekundu ya mashindano, iliyoinama mbele kama duma aliyeona swala. Kila nikifunga duka langu la vitasa na bawaba, lazima nipite kuichungulia.

Niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Miaka sita iliyopita nilimwangusha mke wangu. Pikipiki ilikuwa yangu, mwendo ulikuwa wangu, mguu uliovunjika ulikuwa wake. Hakunilaumu hata siku moja. Ila hajapanda tena nyuma yangu. Tukienda kwao Masasi tunapanda basi, na hilo jambo hatuliongelei.

Kwa hiyo asubuhi aliposema, "Baba Neema, nisubiri nivae viatu, tunaenda wote," sikujua uso niuweke wapi.

Dukani alitupokea Mwanahawa, dada anayeuza hizi pikipiki kubwa. Mama Neema akaizunguka ile nyekundu mara mbili. Kisha, bila kuombwa, akapanda siti ya nyuma. Alikuwa amevaa suruali. Ndipo nilipoelewa kwamba alishaamua tangu nyumbani.

Magoti yalimfika kifuani. Pa kushika hakuna.

"Hii ulijichagulia peke yako," akasema. Hakuwa na hasira. Ndiyo maana iliniuma.

Mwanahawa akatuvutia ya kijivu. "Shemeji, hii mbio inazo, ila imetengenezewa safari ndefu. Utoke hapa mpaka Masasi, mgongo haulalamiki."

Kioo kirefu cha kukinga upepo, usukani ulioinuka kidogo, masanduku mawili ubavuni, siti pana ya nyuma yenye vishikio. Siku zote nilikuwa naipita bila kuitazama, nikiiona ya wazee.

Mama Neema akapanda. Akaweka miguu, akalegeza mabega, akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu, mpaka Mwanahawa akanitazama mimi.

"Tunaweza kuijaribu?" mke wangu akauliza.

Mwanahawa akabaki na kitambulisho changu, sisi tukavaa helmeti. Nikawasha. Sijui niielezee vipi ile sauti. Haikunguruma, ilipumua, na pumzi yake niliisikia mpaka kwenye mifupa ya mapaja. Tukapenya taratibu kati ya mikokoteni, tukapita Mnazi Mmoja, tukakata kuelekea soko la samaki la Feri. Naendesha kama nimepakia trei za mayai. Ilitosha nizungushe mkono kidogo tu, na chuma chote kile kizito kinateleza kama hakigusi lami.

Barabara ilipofunguka upande wa bahari, nikahisi mikono yake inaachia vishikio.

Nikapunguza mwendo.

Kisha ikanizunguka kiunoni.

Nilipaki pembeni karibu na Feri, kwa sababu machozi yalikuwa yananizuia kuona mbele.

"Mbona umesimama?"

"Huogopi?" nikamuuliza.

"Naogopa sana," akasema. "Endesha."

Nikaendesha. Tulizunguka mpaka tukarudi tena Feri, akashuka kununua changu wawili kama vile hakuna kilichotokea.

Basi, ni ya kijivu. Tunaichukua Jumatatu. Safari ya kwanza ni Masasi, na mwendo ataupanga yeye.

Sasa hivi yuko jikoni anakaanga wale samaki, anachechemea kidogo kutoka jiko hadi dirishani, anawaita watoto waje kula. Namtazama kutoka hapa nilipokaa. Nimeishi naye miaka kumi na tisa.

Hivi nilikuwa namjua?