Mbegu za Soya Ulizonituma Nikagawe

Ami Khatibu,

Arubaini yako imepita. Bi Saada, mkeo, kanipa ufunguo wa mtoto wa meza yako pale ghala la mbegu, nitoe vitu vyako kabla hajaja mtunza ghala mpya. Nlikuta miwani yako, vitambaa vya kuoteshea, na karatasi yenye mwandiko wako. Kumbe ile soya uliijaribu kabla ya masika. Katika punje mia ziliota tisa. Chini umeandika: "Ya zamani. Ganda limekwisha."

Nlikaa sakafuni, Ami.

Si wewe ulonifundisha kuitazama soya? Ulinitilia punje kiganjani ukasema mbegu mpya ganda lake hubana, hung'aa, hunywa maji taratibu. Ikikaa sana kwenye joto na unyevu wa ghala, ganda hufifia, hukunjamana, huingia nyufa. Ukiipanda hunywa maji kwa pupa, uhai wake ukavujia nje, ikaoza. Nami nlipokuuliza mbona za kwenye magunia zimefifia, ulinambia, "Vumbi tu hilo, mwanangu. Kagawe."

Nikaenda.

Kule kijijini Bambi nlimpa Bi Mize kwa mkono wangu. Ndo kwanza kapewa na serikali eka tatu zake, hajapata kuwa na shamba maishani. Aliniuliza mara mbili kama mbegu ni ya mwaka huu. Nkamuapia. Akang'oa hata muhogo wake mchanga kuipisha soya. Zikaota mbili tatu huku na huku, nyingine zikaozea ardhini. Ulinisikia nikiwalaumu kunguru, ukanyamaza.

Jana nlikwenda kumwambia ukweli. Hakunipigia kelele. Alisema, "Hao wa ghalani siwajui. Mimi nlikuamini wewe." Nlipomwamkia shikamoo ya kuagana, hakuitikia.

Najua uliogopa. Mbegu zimekuharibikia mikononi, na zama hizi mtu akikosea hajui ataitwa wapi. Lakini mimi ungenambia. Mimi, Ami. Nisingeapa kwa jina la Mungu.

Magunia yaliyobaki nimeyazuia yasitoke, nikawaeleza wakubwa sababu. Jina lako nimelitaja.

Kwaheri, Ami. Ijumaa ntakuja kaburini kukusomea Fatiha, na kila Ijumaa nikijaaliwa, kwani wewe ndiye ulonilea. Nakuombea Mungu akusamehe.

Mimi bado.

Mwanao,
Zuhura