Msiba wa Kunong'ona

Nyumba ya mwisho,
Chini ya jabali.
Jumapili, mwanzo wa mwezi wa sita.

Mpendwa mjukuu wangu Kiherehere,

Salamu nyingi zikufikie huko mbali. U mzima? Kifua kimepoa, au bado unatembea kwenye baridi shingo wazi ili watu waone mkufu? Mimi ni mzima. Miguu inauma palepale inapouma siku zote. Nakula saa ya kula ikifika, nalala giza likiingia, basi.

Mwandiko huu ni wangu. Fundi cherehani wa hapa jirani alitaka kuniandikia, nikamwambia ashone. Kama herufi zimepinda, pinda na wewe usome.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini baba yako hataki hata kunitaja tangu tumzike babu yako, nikakata. Hukukosea kuuliza. Ulikosea kuuliza ukiwa ndani ya basi, abiria wote wametega masikio.

Babu yako unamjua. Watu wa kutazama ndege walitoka mbali kuja kulala kwenye vile vyumba vyetu vya nyuma, na yeye ndiye aliyewapandisha jabalini. Ndege wadogo aliwaachia wenyewe wabahatishe kwenye vitabu vyao. Tai mweusi ndiye alikuwa wake. Tai akishaanza kuatamia kule kwenye mwamba, nyumba hii ilinyamaza. Redio hakuna, kupasua kuni hakuna, hata jogoo alihamia kwa fundi cherehani. Mwaka mmoja watu wa barabara walilipua mawe, tai akayaacha mayai yakapoa, na babu yako akakaa siku nyingi hasemi na mtu. Baba yako amekulia humo. Tulimfundisha kucheka kwa kuziba mdomo.

Babu yako alipougua tulisogeza kitanda dirishani. Macho yangu hayafiki kule kwenye mwamba, kwa hiyo mtazamaji alikuwa yeye na darubini yake. Kila asubuhi nikimletea chai aliniambia, "Ameatamia." Hata asubuhi ile ya mwisho alisema hivyo.

Ndiyo maana watu walipoanza kuja msibani niliwapokea kulekule barabarani, nikawaambia hapa halii mtu kwa sauti. Walinitazama kama mwendawazimu. Wifi yangu akasema nilimkausha kaka yake akiwa hai, sasa namnyima hata machozi. Nilimwacha aseme, mradi alisema kwa kunong'ona.

Baba yako alifika wa mwisho. Alipoliona jeneza akafungua kinywa alie. Nikamziba kwa kiganja changu, mtu mzima mwenye mvi, mbele ya watu. Nikamwambia, "Nyamaza, tai yuko kwenye mayai."

Akanyamaza. Tulizika kama watu wanaoiba. Kabla hajapanda gari akaniambia, "Mama, ndege umemtunza. Na mimi je?" Hajapiga simu tangu hapo.

Wiki iliyopita alikuja yule mwuza dawa mnene, mgeni wetu wa miaka yote. Akasimamisha uani darubini yake kubwa ya miguu mitatu, akatazama mwamba mpaka shingo ikamkakamaa. Kisha akaja jikoni akasimama tu. Nikamwambia kama ana neno aliseme, nina vyombo vya kuosha. Akasema kiota kile ni kikuukuu, kimeota majani katikati, mwaka huu hakuna tai aliyekikalia. Nikamwambia amekuwa kipofu. Akanishika mkono, akaniwekea jicho kwenye darubini. Majani niliyaona. Yalikuwa yanapepea.

Sijui kama babu yako macho yalikuwa yamekwisha, au aliona vizuri na hakutaka mimi nijue. Mwuza dawa aliniuliza kama nimeumia. Nikatafuta maumivu, sikuyaona. Nikarudi nikamaliza vyombo. Jogoo nimemrudisha, redio inaimba kutwa. Nimeshakaa kitandani kwa makusudi nikingoja kulia, kama mtu anayengoja chafya. Hakuna kinachokuja.

Baba yako lazima ajue, na asisikie kwa mwuza dawa, maana mdomo wa yule bwana ni duka lisilofungwa. Wewe na baba yako mnaishi mji mmoja, kwa hiyo nenda ukae naye umwambie uso kwa uso. Usipambe maneno wala usinitetee, sijakutuma hilo. Mwambie kiota kilikuwa kitupu. Mwambie nilimziba mdomo bure.

Halafu mwambie aje. Akifika alie kwa sauti yake yote, kaburini, uani, popote anapotaka, hata majirani wote wakitoka nje kushangaa. Sitamgusa. Nitakaa karibu yake nimsikilize, pengine na mimi nitaanza.

Msalimie mama yako, na mdogo wako yule mvivu wa kuoga, na yule wifi yangu akikubali salamu zangu. Mungu akulinde njiani na nyumbani, akupe na akili ya kujifunika shingo.

Ni mimi nikupendaye hata ninapokugombeza,

Bibi yako.