Mafiga ya Bi Mwantumu na Mlango wa Nchi ya Baridi

Mwalimu Damari, shikamoo.

Bi Mwantumu yuko hai. Anaishi Chanika, Handeni mjini, nyumbani kwa binti yake. Habari hii nimepewa na mpwa wako Stela, muuguzi, Jumapili iliyopita, tulipokuwa tunateremka kutoka kaburini kwako Lutindi. Stela alimfunga kidonda cha mguu miezi michache iliyopita. Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika ni yule yule. Akanijibu, "Mzee, bibi anayewasimulia wauguzi habari za mafiga yake ni mmoja tu wilaya nzima." Juzi nilikwenda mwenyewe kuthibitisha. Ndiye.

Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu ni wewe uliyekuwa unaniuliza. Naiandika barua hii hadharani kwa sababu kosa lenyewe nililifanya hadharani. Watakaoisoma wengi hawakukujua, kwa hiyo nitaeleza tangu mwanzo, kama ulivyotufundisha: mtu aliyechelewa darasani asiachwe nje ya hadithi.

Miaka ya vijiji vya ujamaa ulikuwa unafundisha fasihi ya dunia chuoni. Darasa lako halikuwa la watu wa lugha. Tulikuwa wa kilimo, wa udaktari, wa uhandisi, wa sheria, tuliotakiwa kuchukua somo moja nje ya fani zetu. Mimi nilichagua lako kwa sababu lilikuwa saa tatu asubuhi, wakati nimeshakunywa chai. Siku ya kwanza Mbwana, mwana wa Korogwe aliyekuwa anasomea uhandisi, alisimama nyuma kabisa.

"Mwalimu, samahani. Mimi nasomea madaraja. Hadithi za watu wa mbali zitanisaidia nini?"

"Daraja lako atapita nani?"

"Watu."

"Unawajua?"

Darasa likacheka. Mbwana naye akacheka. Ukamwambia, "Basi kaa chini, baba, tukutambulishe."

Ulikuwa na taratibu mbili ambazo sijaziona kwa mwalimu mwingine. Ya kwanza, hadithi ulitupa nusu. Ilitoka Uchina, Uhindi au Amerika ya Kusini, umeifasiri mwenyewe kwa mkono, na ukifika katikati ulifunga daftari. Wiki nzima kila mmoja alikaa na nusu yake akiimalizia kwa akili ya fani yake. Watu wa sheria walimaliza kwa hukumu. Consolata wa udaktari aliua mtu karibu kila wiki, na kila marehemu alikuwa na jina la ugonjwa. Ya pili, hakuna aliyeruhusiwa kusimulia akiwa na karatasi. Ulisema hadithi ambayo huwezi kumsimulia bibi yako anapochambua maharage hujaielewa. Likizo ilipofika tulitumwa tukawasimulie bibi zetu kweli, tukurudishie maswali yao. Maswali hayo ndiyo yalikuwa mtihani.

Mwaka wetu wa pili ukatuleta Handeni. Tulikuja kusaidia kuvuna mahindi katika kijiji kilichokuwa hakijatimiza mwaka, watu wake wamekusanywa kutoka vitongoji vya mbali. Sitakitaja jina, na sababu nitaieleza. Asubuhi tulivuna. Mchana, jua likiwa kali, tulikaa ndani ya ghala la kijiji lililokuwa bado tupu, tukasimulia. Ulitugawia kazi. Consolata alikuwa msimuliaji. Mimi, kwa kuwa mama yangu ni Mzigua na maneno ya pale hayanipiti, nilipewa daftari niandike maswali.

Ulinipa na sharti moja. Nalikumbuka kwa maneno yake: "Swali ni mali ya aliyeuliza. Jina lake usiliandike mpaka umwombe."

Hadithi ya siku ile ilitoka nchi ya baridi. Wakazi wa mlimani wameamriwa kuhamia bondeni, karibu na barabara mpya. Kuna bibi mmoja hakatai. Anasema nitahama, lakini naondoka na mlango wangu, kwa sababu watoto wangu wote walitoka kupitia huo. Karani wa uhamisho anamwambia bondeni kuna milango mipya. Bibi anaung'oa ule wa kwake, anaufunga mgongoni kwa kamba, anateremka nao. Consolata alipofika hapo akanyamaza. Ndiyo nusu.

Kisha akauliza mama mmoja wa makamo aliyekaa karibu na mlango, miguu ameinyoosha.

"Mafiga yake je?"

Consolata akanitazama, nami nikakutazama wewe. Hadithi haikuwa na mafiga. Kule wanapikia jiko la chuma.

"Mlango ni mbao, utapata nyingine," akasema yule mama. "Mimi mafiga yangu nilikuja nayo. Gari la operesheni ya kutuhamisha lilikataa kupakia mawe. Dereva ananiambia, mama, kwani huko uendako hakuna mawe? Nikamwambia yapo, hayanijui. Nikarudi kwa miguu, nikabeba moja. Nikarudi tena, la pili. Mara ya tatu nimekuta paa la nyumba yangu limeshashushwa. Nikachukua la tatu."

Mzee mmoja akamtania, "Ndiyo maana ugali wako mgumu, Mwantumu, unaupika juu ya mawe yenye hasira." Wote wakaangua kicheko, na katibu wa kijiji akacheka pamoja nao. Kisha akasimama, akatazama saa yake, akasema muda wa kurudi shamba la pamoja umefika, hadithi itamaliziwa siku nyingine. Haikumaliziwa. Keshoye gari la chuo lilitufuata mapema kuliko ilivyopangwa.

Mimi nilikuwa nimeshaandika kila neno, na jina.

Nilikuwa naanza kupeleka makala gazetini wakati huo. Niliiandika habari ya ghala kwa ukurasa mmoja na nusu: somo lako, kijiji, Bi Mwantumu kwa jina lake na la baba yake, mawe matatu, paa. Sikuongeza kitu wala sikupunguza. Niliona usahihi unatosha. Jina langu halikuchapwa, kwa kuwa nilikuwa mchangiaji tu. La kwake lilichapwa.

Habari ilitoka Jumanne. Kabla ya mwezi kuisha, somo lako lilifungwa kwa wote wasiosoma lugha, nawe ukapewa uhamisho kwenda kufundisha Korogwe. Sina ushahidi kwamba moja lilileta jingine. Nina mfuatano wa matukio tu, na maishani nimewasomesha vijana wa gazetini kwamba mfuatano si ushahidi. Lakini wewe ulinikuta uwanja wa chuo, gazeti umelikunja kwapani. Hukuuliza nani ameandika.

"Umeandika sawasawa," ukasema. "Hakuna neno lililokosewa. Ulimwomba?"

"Sikumwomba, Mwalimu."

"Basi nenda ukamwambie."

Sikwenda. Nilipata kazi gazetini, na kazi ile ina kisingizio cha kila siku. Tulikutana mara ya kwanza baadaye pale Segera, mimi natoka Arusha, wewe unasubiri basi la Dar es Salaam. Ulinunua machungwa, ukanimenyea moja, ukaniuliza habari za mama. Kisha: "Umeshakwenda?" Mara ya pili ilikuwa Korogwe, kwenye harusi ya binti wa Mbwana, ambaye madaraja yake mawili nimeyapita. Ulinipungia mkono kutoka meza ya mbali, ukaja polepole na fimbo yako. "Umeshakwenda?" Mara ya mwisho ulikuwa kitandani Lutindi, mashuka meupe, mawingu yamekaa dirishani kama wageni. Hukuwa na pumzi ya maneno mawili. Ulinyanyua nyusi. Nilielewa swali, nikatikisa kichwa. Ukafumba macho, si kwa hasira. Ulikuwa umechoka tu.

Juzi nimekwenda.

Nyumba ya binti yake ina bati jekundu na kibaraza cha saruji. Bi Mwantumu alikuwa amekaa kibarazani anapepeta mchele. Nilibisha hodi, nikamwamkia, akaitikia bila kuinua uso. Binti akasema, "Mama, mgeni huyu ni mwandishi, anatoka Dar."

"Wa gazeti?"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyeandika habari ya mafiga yako. Jina lako nililiweka bila kukuomba. Nimekuja kukuomba radhi."

Akauweka ungo chini. Akanitazama kwa muda, kuanzia viatu.

"Mvi hizi zote, na bado unaandika ya watu?"

"Nimestaafu, mama."

"Ehe. Kazi imekushinda." Binti yake akageuka kuficha kicheko. Bi Mwantumu hakucheka. Akanieleza, kwa mpangilio ambao ningependa kila shahidi awe nao, yaliyofuata gazeti lile. Aliitwa ofisini siku mbili, akakalishwa kwenye benchi, akaulizwa nani aliyemtuma kusema. Mvua ya kwanza ya kupandia ilinyesha siku hizo mbili, akachelewa kupanda, na mwaka ule mahindi yake hayakubeba. Jirani zake wakaacha kupitia kwake kuomba moto. "Walikuwa hawanichukii," alisema. "Waliogopa tu kuonekana wanacheka na mimi. Yule mzee wa ugali mgumu hakunitania tena mpaka akafa. Hilo ndilo liliniuma."

Niliyaandika haya baada ya kumwomba. Nilimuuliza pia kama naweza kutaja jina lake katika barua hii. Akasema, "Andika Bi Mwantumu. La baba yangu liache, na kijiji kiache, wapo watu kule." Ndivyo nilivyofanya.

Nikarudia ombi langu la radhi. Akarudisha ungo mapajani.

"Nimekusikia. Lakini mwenzangu, mmekuja ghalani, mmeniachia mwanamke wa watu njiani na mlango mgongoni. Mimi nimekaa naye miaka yote hii. Nikiwa na mzigo namkumbuka. Alifika? Mlango aliufunga wapi, na nyumba hakuna? Nenda kalete mwisho wake. Ukishaleta, ndipo nitakujibu hilo la radhi."

Mwalimu, nusu ya pili sikuwahi kuisikia. Somo lilifungwa kabla hujaisoma, na katika mikutano yetu yote sikuwahi kukuuliza, kwa sababu swali lako lilitangulia langu. Nikamwambia ukweli: sijui. "Basi katafute," akasema. "Si ndiyo kazi yako?"

Jana nilipanda tena Lutindi. Stela akanifungulia sanduku lako la bati. Madaftari yamepangwa kwa nchi, na kila hadithi ina nusu mbili zilizotengwa kwa karatasi ya kaki. Nchi ya baridi ilikuwa ya nne. Chini ya nusu ya kwanza umeandika maswali tuliyokusanya mwaka ule, kwa wino wa bluu. Swali la mwisho linasomeka hivi: "Mama mmoja, Handeni: mafiga yake je?" Hakuna jina. Ulikuwa unalijua, na gazeti lilikuwa limeshalichapa kwa kila mtu. Bado hukuliandika.

Niliusoma ukurasa ule nimesimama. Kisha nikaketi nikasoma nusu ya pili.

Bibi wa nchi ya baridi anafika bondeni. Anachimba mashimo mawili, anausimamisha mlango wake peke yake katikati ya uwanja, bila ukuta hata mmoja, anakaa nyuma yake. Watoto wanapita pembeni, wanamcheka. Majirani wanapita pembeni. Bibi hamjibu mtu aliyepita pembeni. Siku zinakwenda, na karani wa uhamisho anakuja na karatasi anayotaka bibi aitie dole gumba. Anauzunguka mlango, anaita, hajibiwi. Anarudi upande wa mbele alikotokea. Anasimama mbele ya ule mlango, anavua kofia, anabisha. Ndipo bibi anapofungua.

Nimekuwa naisimulia peke yangu tangu jana alasiri, bila karatasi, kama ulivyotaka. Stela amenisikiliza mara moja huku akichambua maharage, akanisahihisha mahali pawili. Akaniuliza karani alibisha mara ngapi. Daftari halisemi. Sitaongeza.

Sijui Bi Mwantumu atanijibu nini. Anaweza kuniambia amesamehe, anaweza kuniambia niende zangu, na vyote viwili ni haki yake. Wewe ukiniuliza sasa, jibu ni kwamba nimekwenda mara moja, na mara hiyo haikutosha. Yeye, kwa mafiga yake, alikwenda mara tatu.

Basi la Handeni linaondoka Korogwe kesho, Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Binti yake ameshaniambia mama atakuwa kibarazani kuanzia saa tatu. Daftari naliacha kwako, sandukuni.

Pumzika, Mwalimu.

Mwanafunzi wako wa kilimo,
mwandika maswali.