Sifa Niliyompa Ongom

Nakawa,
Kampala.
16 Machi 1976

Mpendwa wifi Ayot,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo? Mama mkwe anaendeleaje na miguu yake huko Kisumu? Nasikia mvua imeanza kwenu, basi mwambie asitoke na zile kandambili zake. Sisi tu wazima. Pélagie ameota meno mapya ya mbele na anacheka kama kaka yako hasa, mpaka wakati mwingine natoka nje kidogo.

Barua hii anakuletea Emile, mtu wa kwetu Bukavu, anayefanya kazi kwenye meli inayovusha mabehewa ya reli kutoka Port Bell kuja huko Kisumu. Sikuthubutu kuitia posta. Ukimaliza kuisoma, ichome.

Mwaka jana uliniuliza, tena kwa hasira, kwa nini nimekwenda kumwomba Ongom kazi kwenye ghala la sukari. Ukasema sina haya. Iliniuma, lakini nilinyamaza kwa sababu jibu lilikuwa bado halijaiva. Leo nakujibu.

Siku walipomchukua kaka yako Komakech, wale watu wa gari lisilo na namba hawakuujua mlango wetu. Unakumbuka nyumba za kambi ya polisi zinavyofanana. Mimi nilikuwa nyuma naanua nguo, nikamwona Ongom, jirani yetu, aliyekula Krismasi kwangu, akiwaonyesha kwa kidevu. Kwa kidevu tu, wifi, hata mkono hakuutoa mfukoni. Hakuniona. Mwezi uliofuata akapewa ukubwa wa ghala.

Aliponiuliza kwa nini naitaka kazi ile, nilikuwa nimejitayarisha. Nilipiga magoti, nikamwambia nina mtoto wa kulisha, na afadhali nifanye kazi kwa mtu anayenijua. Yote ni kweli. Nilichomficha ni kwamba nilitaka niwe namwona kila siku mpaka nijue pa kumshikia. Alifurahi mno. Nadhani alitaka watu waone anavyomsaidia mke wa rafiki yake.

Basi nikafanya kazi. Nimegawa sukari mwaka mzima, foleni inafika barabarani, na hakuna aliyeumizwa wala gunia lililopasuka. Nilikuwa nafika kabla ya mlinzi kufungua geti. Hasira ndiyo iliyokuwa ikiniamsha.

Sasa sikia. Kila mwisho wa mwezi Meja anayesimamia ghala huja kutukagua. Tunasimama mstari, na mfanyakazi mmoja anasifiwa mbele ya wote. Desturi ya pale inajulikana: ukisifiwa, unapiga magoti na kumrudishia Afande sifa yote, useme bila yeye tusingekuwa kitu. Hata mfagiaji anajua. Mwisho wa Februari nikaitwa mimi.

"Mama hii nafanya kazi muzuri sana," Meja akasema. "Nani nafundisha yeye?"

Nilijua neno moja likienda vibaya Pélagie angebaki hana baba wala mama.

"Ni Bwana Ongom, Afande," nikasema. "Hapa sisi wote tunasikia yeye tu. Hata amri ikitoka juu, tunangoja kwanza Bwana Ongom aseme ndiyo."

Wenzangu wawili watatu walipiga makofi, kisha wakaacha. Ongom alianza kutabasamu, halafu nikaona uso unamshuka. Meja alimtazama Ongom, akaondoka bila kuigusa soda aliyowekewa.

Jioni Ongom alinishika mkono mlangoni. "Nabintu, ile ulisema ni nini?"

"Nimekusifu, jirani," nikamwambia.

Siku ya tatu walimjia, mchana, mbele yetu sote. Kiatu chake kimoja kilibaki uani na hakuna aliyekiokota. Nilirudi nyumbani nikapika nyama, wifi, nikala nikashiba. Sitakudanganya kwamba nilisikitika. Miaka minne nimeingoja siku hiyo, na ilikuwa tamu.

Mama mkwe usimweleze ilivyokuwa. Mwambie tu Ongom amepata yake.

Jumapili iliyopita mkewe, Santina, alikuja kwangu na mtoto mgongoni. Aliniuliza, mtu akichukuliwa, mke aanze kuuliza wapi. Mimi napajua. Nilipazunguka pote miezi mitatu nikimtafuta kaka yako, najua hata askari yupi anayesema kweli ukimbembeleza. Nikamtengenezea chai, nikamwambia sijui. Akainywa yote, akanishika mikono miwili, akasema katika Kampala hii hajaona mtu mwenye roho nzuri kama mimi.

Sifa ya Meja nilijua namna ya kuipokea. Hiyo ya Santina ilinishinda. Nilimsindikiza mpaka barabarani, mkono wake ukiwa bado katika wangu, na bado sikumwambia.

Nisalimie shemeji Saverio, na Adyero, na mama mkwe umkande miguu kwa niaba yangu. Mungu awafunike nyote huko mliko, na haya niliyokuandikia ayaamue mwenyewe.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata uliponikasirikia,
Nabintu