Usiitie Sahihi Karatasi ya Kuuza Ndege

Hayingen,
Jumatatu, 14 Aprili 2014

Mpendwa mdogo wangu Eckart,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta wewe na wifi yangu Marisol mkiwa wazima, na kwamba goti lako limekubali kukunjika tena. Mimi ni mzima, tena mzima kuliko nilivyokueleza mwezi uliopita, ndiyo maana naandika kabla hujanijibu.

Jambo kubwa kwanza: ile karatasi ya kuuza ndege yetu isiyo na injini, usiitie sahihi.

Nilikuandikia kwamba mikono yangu imekwisha, na ndivyo nilivyoamini. Tangu mwaka juzi kifuniko cha trela tunamolaza ndege kilinishinda. Nilianza kuchelewa kiwanjani makusudi ili nikute mtu wa kunisaidia. Kikishafunguliwa, tulikiegemeza kwa mpini wa ufagio, na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa nusu ya trela za chama chetu cha warusha ndege zina mpini wa ufagio ndani. Nikajiambia kwamba mwanamke wa miaka sabini na mitatu asiyeweza kuitoa ndege yake kitandani hana haki ya kuipeleka angani.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu alikuja mnunuzi kutoka Ulm, kijana mpiga makasia, mabega kama kabati. Nikamwambia afungue mwenyewe. Akainua, akashusha, akavuta pumzi, kisha akaniuliza kwa adabu kama nimesahau kutoa kufuli.

Unamkumbuka Veit, mwanafunzi wangu aliyekuwa haachi kupiga soga darasani? Sasa ndiye fundi wa chama. Aliacha kahawa yake akaja, akainama kutazama zile shokapu mbili za gesi zinazokisukuma kifuniko juu, kama za mlango wa nyuma wa gari. Akasugua kutu kwa kidole gumba, akasoma mwaka zilipotengenezwa: 1991.

“Mwalimu,” akasema, “hizi zimekufa siku nyingi. Umekuwa ukikiinua kifuniko kizima kwa mikono mitupu. Mimi mwenyewe kingenishinda, na kwa kula nakushinda mbali.”

Eckart, nilikaa kwenye nyasi nikacheka mpaka yule kijana akaona haya. Nikamwambia ndege haiuzwi. Alipewa keki ya tufaha na kurushwa mara moja katika ndege ya viti viwili, basi hakuondoka mikono mitupu.

Juzi tulifunga shokapu mpya. Namba za nguvu zilizoandikwa kwenye mrija nilizilinganisha na za zamani mara tatu; unanijua. Tulikiegemeza kifuniko kwa boriti mbili za maana, tukabadilisha moja kwanza, halafu ya pili. Nilitaka kuufunga mrija mnene upande wa chini, Veit akanizuia: fimbo nyembamba inayochomoza kwenye mrija ndiyo ielekee chini, mafuta yapate kulowesha mpira unaozuia gesi. Nilikubali kusahihishwa, naye hajaacha kuwasimulia watu.

Kisha nikakiinua kwa vidole viwili. Kikaenda juu chenyewe, taratibu, kama mtu anayeamka baada ya kulala vizuri. Kasheshe ni kukifunga. Nilining'inia kwenye mkanda wake hadi visigino vikaacha ardhi, wote wakitazama na vikombe mkononi.

“Kula, mwalimu,” Veit akasema. “Ongeza kilo tano tu, kitashuka.”

Jana nilifika kiwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya mtu yeyote, nikafungua peke yangu. Wenzangu walipowasili, kiwiliwili cha ndege kilikuwa nje nami nasubiri wa kunishikia mabawa. Mabawa yanataka watu wawili, hata kwa mwenye miaka ishirini. Nikaruka, nikakaa angani kwa muda wa saa tatu na dakika kumi.

Nisalimie Marisol, binti yenu Anke na mjukuu ambaye sijamwona bado. Mungu awakinge na awape msimu mwema huko Chile.

Ikiwa karatasi umeshaitia sahihi, ichane uwashie jiko. Kisha njoo Agosti. Nusu ya ndege bado ni yako, bawa la pili linataka mshikaji, na kwa picha mliyonitumia Krismasi, wewe kifuniko kitakutii.

Mimi dada yako, nikupendaye tangu ulipoanza kutembea,

Hiltrud